Kugundua ni kufanya nini hasa? Taya la mtoto, boda yenye kiboksi na marimba ya Buganda

Pale stegi ya boda Wandegeya, Kampala, upande wa kupandia chuo kikuu cha Makerere, kulikuwa na jamaa mmoja pikipiki yake inatembea na kiboksi kimefungwa nyuma ya kiti, na kila abiria mpya lazima aulize hiki ni nini, wengine wanadhani kamera ya polisi wanaanza kuficha uso. Yeye anajibu kwa kifupi tu, ni kipimo cha hewa, vijana wa chuo ndo wameweka. Siku moja tunangoja rolex (chapati ya kukunja na mayai) zigeuzwe akanigeukia: "We mtoto wa afande umesoma soma, hebu niambie. Moshi hapa tunaumeza toka asubuhi, jioni ukipenga kamasi ni jeusi, kila mtu anajua hewa ni mbaya. Sasa hao wa kule kilimani wamegundua nini?"

Nilicheka lakini jibu sikuwa nalo, na swali likanikaa kichwani wiki nzima. Maana ukilipanua siyo la moshi peke yake. Wakulima wanajua muhogo unaugua, wagonjwa wanajua wanaumwa, wapiga marimba wanajua marimba, halafu siku moja unasikia redioni profesa fulani "amegundua". Kagundua nini ambacho wenyewe walikuwa hawakijui?

Sisi tuliokulia kambi za askari tunaongea Kiswahili cha kuombea maji, lakini neno kugundua tunalitumia kila siku bila shida. Unagundua chumvi imeisha. Unagundua jirani kahama usiku na kodi ya watu. Chumvi haikuwa siri, ilikuwa kwenye kopo hapo hapo, ila hukuwa umeitazama. Sasa likija kwa maprofesa tunalibadilisha maana ghafla, tunafikiri mtu kakanyaga mahali ambapo hakuna binadamu aliwahi kufika. Mara chache iko hivyo. Mara nyingi ni ile ile ya kopo la chumvi.

Chukua hospitali ya Mulago, hapa hapa Kampala. Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Mwairishi anaitwa Denis Burkitt, aje amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pembe zote nne, kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt akatazama, akapiga picha, asielewe. Kansa kwa kawaida inaanzia sehemu moja, hii imeanzaje sehemu nne kwa mpigo? Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja (kwetu huko, ndo maana hii sehemu huwa naisimulia kwa maringo), anachungulia dirishani anaona mtoto wa kike amekaa nje na mama yake, uso ule ule. Akatoka akampima, akakuta na tumboni kuna uvimbe. Mmoja unaweza kusema ni ajabu ya Mungu, wakiwa wawili inabidi uanze kuhesabu.

Sasa wale mama wawili walikuwa hawaoni? Walikuwa wanaona kuliko daktari yeyote. Na madaktari pia walikuwa wanaona, hata kwenye rekodi za zamani za hospitali ya Mengo aliyoianzisha Albert Cook mwaka 1897 watoto wa namna hiyo wamo. Shida ilikuwa ni uandishi. Aliyempokea mtoto mwenye taya anaandika kansa ya taya, aliyempokea mwenye tumbo anaandika ya figo, mwingine ya jicho, kila mmoja na faili lake kwenye kabati lake. Burkitt alirudi kwenye mafaili akayatandaza pamoja akasema jamani, hawa wote wanaumwa kitu kimoja. Ndo kilichochapishwa mwaka 1958. Hakuna darubini mpya hapo wala mashine, ni mtu kakataa kuamini jina lililoandikwa juu ya faili.

Halafu akafanya kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Akachapisha karatasi zenye picha za wagonjwa, kama 1,000 hivi, akazituma kwa posta hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza swali moja tu, mmewahi kuona hii? Majibu yakawa yanarudi naye anachomeka pini kwenye ramani. Pini zikajipanga mkanda mpana katikati ya Afrika, na ndani ya mkanda kuna mashimo, sehemu ambazo ugonjwa haupo kabisa. Mwaka 1961 akanunua Ford kuukuu kwa pauni 250, akapanda na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaendesha kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini na kurudi, kilomita kama 16,000, wanapita hospitali zaidi ya 50 wakiuliza swali lile lile. Walikuwa wanatafuta ukingo, yaani wapi ugonjwa upo na wapi haupo. Mtu mwingine angekaa Mulago angoje wagonjwa waje.

Wakaona ukingo unafuata mwinuko. Hapa kwetu karibu na ikweta ukipanda zaidi ya mita 1,500 ugonjwa unapotea, lakini ukienda kusini unapotea hata kwenye mwinuko wa chini zaidi. Hapo akaingia Alexander Haddow, bosi wa taasisi ya virusi Entebbe, huyo huyo ambaye jina lake limo kwenye habari ya kirusi cha Zika, kilichopatikana mwaka 1947 kwa nyani wa majaribio aliyekuwa amewekwa kwenye msitu wa Zika ukielekea Entebbe. Haddow maisha yake yote yalikuwa mbu, akaitazama ile ramani akasema siyo mwinuko huu, ni baridi, hii ni ramani ya mbu. Pale ambapo ni baridi sana kwa mbu, watoto wako salama. Daktari wa upasuaji angekaa na hiyo ramani miaka kumi asiione, mtu wa mbu kaiona kwa jicho moja.

Kabla hata ya ile safari, Burkitt alikuwa ameshatoa mhadhara London, mwezi wa tatu mwaka huo huo wa 1961. Mtafiti mmoja, Anthony Epstein, akasikia kwamba ugonjwa unafuata mvua na joto akawaza kirusi, wakakubaliana sampuli ziwe zinatoka Kampala kwenda London kwa ndege. Miaka miwili na zaidi hakuna kitu. Siku moja ndege ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester, sampuli ikafika imechelewa na maji yake yamekuwa machafu kama maji ya mchele. Wengi wangemwaga, wangesema imeoza. Wao wakaweka tone kwenye darubini, kumbe ni seli za uvimbe ziko hai zinaelea, na zikiwa hivyo zinaweza kukuzwa maabara. Kutoka hapo, mwaka 1964, Epstein na Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu. Kinaitwa Epstein-Barr, Achong jina lake likaachwa nje, na hakuna anayeonekana kujali.

Hapa ndo watu wengi wanachanganya wanasema basi kirusi ndo kinaleta kansa ile. Pole pole. Hicho kirusi karibu kila mtu mzima duniani anacho, mimi ninacho, na wewe unayesoma karibu hakika unacho. Kama kingetosha chenyewe tungekuwa tumevimba mataya wote. Inavyoeleweka sasa ni mambo yanayokutana: malaria ya mara kwa mara inazifanya seli fulani za kinga za mtoto zizaane kwa fujo, kirusi kinazisaidia zisife wakati zinapotakiwa kufa, na katika kuzaana huko kwa haraka kuna siku kipande cha kromosomu kinakatika kinajiunganisha mahali pasipo pake na seli inapoteza breki. Kwa hiyo mbu alikuwa kwenye hadithi kweli, ila hakuwa anabeba kansa, alikuwa anabeba malaria. Ramani ilikuwa sahihi, maana yake ndo ilichukua miaka mingi kueleweka. Na cha kushukuru, kansa hiyo ilionekana kuyeyuka kwa dawa haraka kuliko kansa nyingi, na taasisi ya kansa pale Mulago ilianzishwa 1967 kutokana na kazi hiyo hiyo.

Sasa jina. Ugonjwa unaitwa Burkitt mpaka leo, sawa, kazi alifanya. Lakini kuna kisa kingine cha hapa hapa ambacho kila nikikikumbuka nakuna kichwa. Mwaka 1879 mwanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza, Robert Felkin, alikuwa Bunyoro, magharibi mwa Uganda, mahali anapopaita Kahura, akashuhudia mama anapasuliwa kutolewa mtoto. Mganga aliosha mikono na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, mama mwenyewe akanyweshwa pombe hiyo hiyo, wakakata haraka, mishipa inayovuja wakaichoma kwa chuma cha moto, jeraha wakalibana kwa pini saba za chuma na nyuzi za gome la mti halafu dawa ya mizizi juu yake. Felkin anasema siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga, mama na mtoto wazima. Huo ni wakati ambao hospitali za Ulaya bado zinabishana kama kuosha mikono kuna maana, na mama akipasuliwa kule mara nyingi anakufa. Felkin akachora, akachapisha Edinburgh mwaka 1884, na sisi leo tunajua jina la Felkin. Jina la mganga halimo.

Nani aligundua hapo? Mimi nadhani mganga na waliomtangulia, bila wasiwasi, maana namna ile ya mpangilio huibuki nayo siku moja. Ila ujuzi wake ulikaa mkononi, ukitoka mkono mpaka mkono, na ukikatika umekatika. Alichofanya Felkin ni kuuweka mahali ambapo mtu asiyemjua mganga, asiyewahi kufika Bunyoro, anaweza kuusoma na kuubishia. Hilo la kubishia ndo chuo kikuu chenyewe hasa, zaidi ya majoho.

Na kubishia kunafanyikaje? Twende Rakai, kusini mwa Uganda. Miaka ya themanini mwanzoni watu wa kule kandokando ya ziwa walianza kukonda na kufa, wakaupa ugonjwa jina wenyewe, Slim. Mwaka 1985 madaktari wa Mulago na Makerere, akina David Serwadda na Nelson Sewankambo, wakaandika kwenye jarida la Lancet wakitumia jina hilo hilo la wananchi, wakaonyesha ni UKIMWI. Mpaka leo kwenye Luganda ugonjwa ni siliimu. Waliokonda walijua, waliozika walijua, kipimo kikaunganisha na kilichokuwa kinaonekana kwingine duniani.

Halafu likaja swali la tohara. Watu walikuwa wameshaona kwamba sehemu ambazo wanaume wanatahiriwa virusi ni vichache. Lakini hiyo haitoshi, kwa sababu anayetahiriwa hapa mara nyingi ni Mwislamu, Mwislamu mara nyingi hanywi pombe, na asiyekunywa pombe Ijumaa usiku yuko nyumbani kwake. Sasa kinachomlinda ni tohara, au ni kulala nyumbani? Ukiangalia kwa macho huwezi kutenganisha, hata ukiangalia miaka mia.

Ndo wakafanya hivi: wanaume 4,996 wa Rakai wasio na virusi, miaka 15 mpaka 49, wote wamekubali kutahiriwa. Wakagawanywa kwa bahati, kama kurusha sarafu, nusu wakatwe sasa na nusu wangoje miezi 24. Walevi wakaangukia pande zote mbili, wa dini zote pande zote mbili, wenye mabibi watatu pande zote mbili, tofauti inayobaki ni kisu peke yake. Mwisho wa hesabu upande wa waliotahiriwa walipata virusi watu 22, upande wa waliongoja 45. Karibu nusu. Desemba 2006 jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake, maana ukishajua hivyo kuendelea kuwangojesha wengine ni dhambi. Matokeo ya Kisumu na ya Orange Farm Afrika Kusini yalikuwa yanaelekea huko huko, na 2007 WHO wakaipendekeza.

Angalia tena ile namba 22 kwa sababu watu wanairuka. Wanaume 22 walitahiriwa vizuri na wakapata virusi bado. Kupungua nusu ni habari kubwa ukiwa waziri wa afya mwenye watu milioni, lakini ukiwa wewe na suruali yako Jumamosi usiku siyo kinga ya kutamba nayo. Kijiweni nimesikia mtu anasema "mimi nilishamaliza mambo yangu kliniki" kama mtu aliyenunua bima. Matokeo ni yale yale, ila yakitoka kwenye jarida yakashuka mpaka kijiweni yanakuwa yamevaa nguo nyingine.

Na hapa niwapige kijembe watafiti wenyewe. Kuna mwaka walikuja mtaani kwetu vijana wawili na fomu na kompyuta ya mkononi, wakanihoji dakika arobaini, unakula nyama mara ngapi kwa wiki, choo mnatumia kaya ngapi, wakampima mtoto uzito na mkono, wakaniachia vipande viwili vya sabuni, nikasaini karatasi ya kukubali. Sabuni iliisha mwezi ule ule. Majibu sijayaona mpaka leo na mtoto sasa ana ndevu. Sheria iko, kabla ya kuanza utafiti lazima kamati ya maadili ipitishe na baraza la taifa la sayansi na teknolojia litoe kibali, na kwenye ile karatasi ya kukubali nina haki ya kuuliza na haki ya kujitoa. Lakini kurudi kumwambia mwenye choo kwamba choo chake kilionyesha nini, hapo wengi wanasahau njia.

Turudi kwa jamaa wa stegi na kiboksi chake. Huo ni mradi unaitwa AirQo, ulianza Makerere 2015 kwenye chuo cha kompyuta, chini ya profesa anaitwa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake la kwanza, siyo cheo, na ndiyo, nadhani amechoka kuulizwa). Kinachopimwa ni vumbi laini sana, chembe moja ni kama sehemu ya thelathini ya unene wa unywele, kwa hiyo halikwami puani, linaenda mpaka chini kwenye mapafu na nyingine inaingia kwenye damu. Lile jeusi unalopenga jioni ndo lililoshindwa kupita, la hatari ni ambalo hulioni.

Mashine kubwa ya kupima hilo vumbi ni ghali mno, mji wote unaweza ukawa na mbili tatu. Kiboksi ni cha bei rahisi, ndani kuna kimwanga, hewa inapita, chembe zinatawanya mwanga, kinahesabu. Ila kinadanganywa. Asubuhi yenye ukungu chembe zinavuta maji zinanenepa, nacho kinasoma vumbi kubwa kuliko lililopo. Kwa hiyo wanakiweka kando ya ile mashine ghali siku kadhaa, kompyuta inajifunza kosa lake likoje unyevu ukiwa hivi na joto likiwa hivi, halafu inakuwa inalisahihisha. Ujanja wao mwingi uko hapo kwenye kusahihisha. Hivyo jibu la jamaa ni kwamba yeye anajua kuna moshi, lakini hawezi kwenda ofisi ya jiji akasema barabara hii saa moja asubuhi ni mbaya kuliko ile, na shule iko hapa katikati. Kamasi jeusi halina saa wala jina la barabara.

Nimebakiza la sanaa, maana watu wakisema utafiti wanawaza koti jeupe tu. Mke wa yule Trowell wa Mulago, Margaret, alianza kufundisha uchoraji miaka ya thelathini kwenye veranda ya nyumba yao, na hiyo veranda ndo ikazaa shule ya sanaa ya Makerere. Gregory Maloba, aliyechonga ile sanamu ya uhuru ya mwaka 1962 pale mjini, alipita kwa huyo mama. Lakini ninayotaka kuisimulia ni ya marimba, amadinda.

Amadinda ni mbao 12 za mti wa lusambya, zimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili wanakaa wanatazamana. Wa kwanza, omunazi, anapiga wimbo wake mwendo sawa sawa, wa pili, omwawuzi, anapiga wake mwendo ule ule lakini kila pigo lake linaangukia katikati ya mapigo ya mwenzake, kama meno ya zipu. Kila mmoja peke yake anapiga kitu rahisi, hata kinachosha. Wakiingia pamoja kwa kasi unasikia nyimbo tatu nne zinapishana, zina mikato ya ajabu, na ukiangalia mikono hakuna mkono hata mmoja unaozipiga.

Gerhard Kubik, kijana wa Austria, alikuja akajifunza kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliyekuwa akipiga pia makumbusho ya Uganda, na mwaka 1960 akaandika kinachotokea. Sikio likipigwa na sauti nyingi kwa haraka haliwezi kumfuata mpigaji mmoja mmoja, linajipangia lenyewe, za chini linaziweka pamoja, za juu pamoja, na kila kundi linakuwa wimbo. Wimbo uko kichwani mwa msikilizaji. Ni jambo la ubongo, na limepatikana kwa kukaa chini na kufundishwa na fundi.

Lakini kuna mpigaji wa tatu, omukoonezi. Huyu anakaa pembeni ana mbao mbili tu za juu kabisa, na kazi yake ni kuusikiliza ule wimbo unaotoka kwenye sauti mbili za chini, ambao hakuna anayeupiga, na kuupiga yeye huku juu. Yaani Waganda walikuwa wameshausikia zamani, mpaka wakaupangia mtu na kiti. Kubik aliandika kwa nini unasikika. Omukoonezi alikuwa anaupiga.

Nenda makumbusho pale Kamwokya siku ambayo wako wa kupiga. Simama pembeni ufumbe macho kwanza, uchague wimbo mmoja uufuate mpaka uweze kuuimba, halafu ndo ufungue macho utafute ni nani anaupiga. Mimi nilimkodolea yule wa tatu mpaka shingo ikauma, na wimbo wangu kumbe haukuwa hata ule anaoupiga yeye.